Kwa nini Anjali alipendwa baada ya kuvaa sari? Uzi wa majike dume kwenye sinema

#1 BintiMakorora
Salaam wakuu.

Nina jambo limenikaa moyoni miaka mingi. Mwaka 1999 mjomba alileta kanda ya Kuch Kuch Hota Hai, sinema ya Kihindi ya 1998, nyumbani kwetu Tanga. Nilikuwa na miaka 11, kichwa kimenyolewa, magoti yamejaa makovu ya mpira, na mtaani nilikuwa naitwa Jike Dume. Alipotokea Kajol, yule Anjali wa chuoni, nywele fupi, traksuti, anamfunga Rahul, yule Shah Rukh Khan, mpira wa kikapu mbele ya wanafunzi wote, nilisogelea televisheni mpaka mama akanifokea nitaharibu macho. Sikuwahi kumwona msichana wa namna yangu akiwa stelingi.

Mnajua kinachofuata. Rahul anampenda Tina mwenye nywele ndefu na sketi. Anjali naye siku moja anajipodoa aende chuo amefanana na Tina, anachekwa. Miaka inapita, Tina amefariki, Rahul anamkuta Anjali kwenye kambi ya watoto: nywele ndefu, sari, bangili. Hapo ndipo macho yanamfunguka. Wanacheza kikapu tena, na safari hii Anjali anafungwa, maana sari inamsumbua kila anapotaka kukimbia.

Shangazi alikuwa mkekani anachambua mchele. Akaniangalia akasema, "Umeona?" Basi, neno hilo moja.

Wiki ile ile nikamwomba mama aniache nifuge nywele. Mpira nikauacha. Sasa nina miaka zaidi ya 30 na bado nauliza: kwa nini sinema inatuletea jike dume, inatufanya tumpende, halafu inambadilisha kwanza ndipo imwoze? Nitajieni na nyingine, na mniambie mnadhani sababu ni nini.

#2 Kipanga_Sinza
Naweka kambi hapa. Kikapu kile nilikirudisha nyuma mpaka kanda ikaanza kukwaruza.

#3 Chaurembo
Dada pole kwa neno la shangazi, lakini kwenye sinema nakupinga. Ile ni hadithi ya mtu kukua. Chuoni alikuwa kijana, kambini ni mwanamke mzima na tayari ana mchumba, Aman, yule Salman Khan. Kumbuka Aman alimpenda kabla Rahul hajarudi. Watu hubadilika. Dada yangu mkubwa alikuwa anapanda minazi kuliko sisi wanaume, leo hatoki nje bila hina na manukato, na hakuna aliyemlazimisha. Ukimwambia alishindwa maisha atakushangaa.

#4 BintiMakorora
#3 nakusikia, na dada yako nampa heshima yake. Ila Aman alimpenda Anjali yupi? Wa sari. Wa traksuti hakupendwa na mtu yeyote kwenye sinema nzima. Angekua akabaki na nywele fupi na Rahul akampenda vilevile, nisingefungua uzi.

#5 Mwalimu_wa_Fasihi
Niongeze taarifa moja, kwa kuwa watu wengi hudhani lawama hizi ni za leo. Kuch Kuch Hota Hai ilikuwa sinema ya kwanza kwa Karan Johar kuongoza, akiwa na miaka 26. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba Shabana Azmi, mwigizaji mkongwe, alimpigia simu akamuuliza maana ya kuonyesha kwamba msichana wa nywele fupi hapendeki, akifuga ndipo anakuwa mzuri. Karan hakuwa na jibu, akaomba radhi. Kwa hiyo BintiMakorora, jambo lililokuumiza mkekani lilimkera na mtu mzima mwenye jina Mumbai.

Mimi sababu naiona kwenye soko. Sinema ya mapenzi inauzwa kwa ndoa ya mwisho, na mwenye fedha anaogopa mtazamaji asipomwona bibi harusi aliyemzoea. Mfano mzuri ni Little Women, kitabu cha Louisa May Alcott cha mwaka 1868. Jo March ni jike dume hasa: anapiga mluzi, anakimbia, anasema wazi anasikitika hakuzaliwa mvulana. Anauza nywele zake dola 25 ili mama apate nauli ya kwenda kumuuguza baba. Alcott alitaka Jo abaki bila mume, awe mwandishi. Wasomaji wakamsumbua kwa barua, na mchapishaji naye alitaka ndoa. Akamwoza, lakini kwa mume ambaye hakuna msomaji aliyemtarajia. Greta Gerwig kwenye sinema ya 2019 ameyaweka mapatano hayo hadharani: Jo amekaa mbele ya mchapishaji, anakubali kumwoza mhusika wake huku akidai asilimia yake na haki ya kitabu ibaki mikononi mwake.

#6 Kipanga_Sinza
Kwa hiyo ndoa ile ilikuwa biashara ya kuuza kitabu! Mwalimu umenifungua macho.

#7 Mzee_wa_Empire
Wanangu, mnazungumza kana kwamba sinema za Kihindi zilianza 1998. Mimi ni wa enzi za kupanga foleni dirishani. Nani hapa ameona Seeta aur Geeta ya 1972? Hema Malini anaigiza mapacha. Seeta mpole, anateswa na shangazi kama punda. Geeta amelelewa na watu wa sarakasi za mtaani, anatembea juu ya kamba, anapiga ngumi, analewa. Wakibadilishana nyumba, Geeta anaingia pale na mjeledi, wale watesi wanahesabiwa mmoja mmoja. Kuna mahali amekaa juu ya feni la dari wanamwomba ashuke, hashuki. Ukumbi mzima ulisimama, na waliokuwa wakipiga vigelegele ni akina mama wenye mabaibui.

Na kabla yake kulikuwa na Nadia. Sinema yake Hunterwali, 1935. Mwanamke aliyezaliwa Perth, Australia, akawa nyota Bombay, amevaa kinyago na kaptura, juu ya farasi, mjeledi mkononi, anarusha wanaume kama magunia. Hakuna aliyembadilisha awe mpole. Kwa hiyo mkisema "zamani walikuwa nyuma, sasa tumeendelea", sinema inasema kinyume. Mwaka 1935 ulikuwa huru kuliko 1998.

#8 Chaurembo
Mzee heshima yako, shikamoo. Lakini Geeta naye si aliolewa mwishoni? Na Seeta pia.

#9 Mzee_wa_Empire
Marahaba. Aliolewa, ndiyo, na daktari Ravi. Ila Ravi alimpenda Geeta na ukali wake. Hapo ndipo tofauti ilipo na huyo Rahul wenu.

#10 FundiKike_Moro
Nimesoma yote huku nimepumzika kivulini, mikono ina grisi mpaka simu inateleza. Mimi ni fundi magari, mwaka wa tisa sasa. Nakata nywele kwa sababu moja: feni la injini halichagui jinsia. Niliwahi kumwona kijana shati lake likivutwa na mkanda, tokea siku hiyo sitaki kitu chochote kinachoning'inia mwilini mwangu kazini. Ovaroli, kofia, buti. Jumapili navaa gauni na hereni naenda kanisani. Wateja wakinikuta kanisani hawanijui.

Kwenye sinema sijawahi kuliona hilo. Jike dume wa sinema ni jike dume kuanzia kitandani mpaka mezani, kisha siku moja anakuwa mrembo kuanzia kitandani mpaka mezani. Mtu mmoja kuwa na ovaroli Jumamosi na gauni Jumapili hawawezi kumwandika. Halafu mavazi wanayachukulia kama tabia. Kwetu wengine ovaroli ni kazi.

#11 BintiMakorora
#10 dada nimekupigia makofi peke yangu chumbani.

#12 Nyota_ya_Malindi
Wadau, niko Kenya. Mbona hakuna aliyetaja Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018? Ndiyo sinema ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha la filamu la Cannes. Kena anacheza kandanda na wavulana, anapita mtaani na ubao wake wa magurudumu, anasaidia dukani kwa babake, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Ziki ana nywele za rangi rangi. Wanapendana. Bodi ya filamu ikaipiga marufuku, baadaye Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe siku saba tu mwezi wa Septemba. Nilipanga foleni Nairobi, watu walijaa hadi maonyesho yakaongezwa.

Nasema hivi kwa sababu nadhani hapa ndipo penye jibu la mwenye uzi. Waandishi wanaogopa mtazamaji akimwona msichana wa suruali na nywele fupi atauliza, "Huyu anapenda nani?" Ndiyo maana wanaharakisha kumtafutia mwanamume na kumvisha maua, swali lisije likaulizwa.

#13 Chaurembo
#12 hapo ndipo mimi huchoka. Sinema hiyo ni ya mapenzi ya wasichana wawili, na kila mtu ana msimamo wake juu ya jambo hilo, mimi nina wa dini yangu. Lakini ukiiweka kapu moja na Anjali unawaongezea mzigo wasichana ambao wanataka tu kucheza mpira. Binti yangu ana miaka 13, anacheza beki. Tayari kuna mama mmoja mtaani amenong'ona. Mtoto amerudi nyumbani analia, viatu vya mpira kavitupa uvunguni.

#14 Nyota_ya_Malindi
Chaurembo, pole kwa mtoto, na nasema kwa dhati. Lakini aliyemliza si Kena. Ni huyo mama mtaani, ambaye pengine sinema yenyewe hajaiona. Kena angekuwa jirani yenu angempigia binti yako pasi.

#15 BintiMakorora
Chaurembo, viatu vitoe uvunguni. Nakuomba kama dada. Mimi vyangu havikutolewa na mtu.

#16 Binti_wa_Muscat
Nawasalimu kutoka Muscat, babu zangu watu wa Unguja. Huku Ghuba wasichana wanaovaa na kutembea kiume wanaitwa boyat, neno limetoka Kiingereza likavaa wingi wa Kiarabu. Likitajwa kwenye televisheni mara nyingi ni kipindi cha ushauri: shekhe mmoja, daktari mmoja, mama analia. Sijawahi kuona tamthilia ambayo msichana huyo anaamka asubuhi, anakunywa chai, anaenda kazini, hadithi inakuwa juu ya jambo jingine kabisa. Kila akitokea, yeye ndiye tatizo la kutatuliwa. Kwa hiyo mimi naona Anjali alibahatika, angalau nusu ya kwanza aliachwa acheke.

#17 Kipanga_Sinza
Na Dangal je, ile sinema ya Kihindi ya mieleka? Pale hakuna sari ya mwisho. Wale mabinti wananyolewa, wanavaa kaptura, wanapigana mieleka na wavulana, na Geeta, si yule wa mapacha, anachukua dhahabu ya Olimpiki. Uzi umefungwa!

#18 Mwalimu_wa_Fasihi
Kipanga usifunge uzi na kufuli bovu. Dhahabu ya Geeta Phogat ni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, 2010. Si Olimpiki.

Na Dangal itazame vizuri. Nywele walikatwa na baba, wao wakilia. Geeta alipoenda kwenye chuo cha taifa akafuga nywele, akapaka rangi kucha, akaanza kushindwa mapambano ya kimataifa. Akirudi kwenye njia ya baba anakata tena, anashinda. Sasa linganisha: kwa Anjali nywele ndefu ni tuzo, kwa Geeta nywele ndefu ni adhabu. Zote mbili zimeweka thamani ya msichana kichwani kwake, kwenye urefu wa unywele. Na katika zote mbili anayeamua ni mwanamume.

#19 FundiKike_Moro
#18 hapo kwenye kucha nilikereka sana ukumbini. Rangi ya kucha inamzuiaje mtu kuangusha mtu?

#20 Kipanga_Sinza
Nimekubali kosa la Olimpiki. Kufuli nimelitupa.

#21 MamaSamaki_Deep_Sea
Wanangu mimi nauza samaki, uzi huu nimesomewa na mjukuu nikamwambia aniandikie. Sinema hiyo ya Anjali naijua, nimeiona mara nyingi. Kuna kitu nataka kuuliza. Kwa nini hakufunga kibwebwe?

Sisi huku tunakimbilia ngalawa ikifika. Nimevaa kanga mbili. Nikiona boti, moja naizungusha kiunoni naikaza fundo, ya chini naipandisha, naingia maji mpaka mapajani na beseni kichwani, nagombania samaki na wanaume, na kanga haijawahi kuniangukia. Sari ni kitambaa kirefu kuliko kanga zangu zote. Angechukua ule upande wa begani, azungushe kiuno, achomeke, acheze. Mtoto wa kike asiyejua kukaza nguo yake kiunoni nimemwona kwenye sinema tu.

#22 BintiMakorora
Bibi, shikamoo. Nimesoma mara nne. Miaka yote hii nilikuwa naichukia sari, kumbe sari haina kosa.

#23 Mzee_wa_Empire
MamaSamaki amemaliza kazi. Na niwaambie, wanawake wa Maharashtra, jimbo lenyewe la Mumbai, wana sari ya yadi tisa, wanaipitisha katikati ya miguu na kuichomeka nyuma kama suruali. Wanalima nayo, wanavua nayo. Kwa hiyo aliyeongoza sinema ile alizaliwa kwenye mji ambao wauza samaki wamekaza sari zao kila asubuhi sokoni. Alitaka Anjali afungwe, ndiyo maana kitambaa kililegea.

#24 Chaurembo
Hapo kwenye kibwebwe sina hoja, nakubali. Ila kwenye kukua bado nasimama palepale. Kuna Mulan, yule msichana wa China aliyejifanya mwanamume akaenda vitani. Mwisho wa vita anarudi nyumbani anavaa nguo za kike, hakuna aliyelalamika.

#25 Mwalimu_wa_Fasihi
Chaurembo umegusa ninapopenda. Mulan wa katuni ya Disney, 1998, anakata nywele kwa upanga ili afanane na mwanamume, na tukio lile ndilo watu wanalikumbuka. Lakini China ya kale wanaume nao walifuga nywele na kuzifunga juu ya kichwa, kwa hiyo hakuwa na haja ya kukata. Upanga ule ni wa Marekani. Kwenye sinema ya 2020 hakukata.

Shairi la kale la China ilikotoka hadithi ya Mulan, fupi tu, linasema alirudi baada ya miaka mingi ya vita, akaingia chumbani kwake, akavua nguo za kijeshi, akavaa zake za zamani, akajitengeneza nywele mbele ya kioo, ndipo akatoka kuwaonyesha askari wenzake. Walikuwa naye miaka 12 hawakujua. Kisha shairi linafunga na sungura wawili, dume na jike: wakikimbia bega kwa bega, nani atajua yupi ni yupi?

Kwa hiyo ndiyo, anarudia gauni. Lakini tazama mpangilio: ameshinda kwanza, mfalme ameshamtunuku, ameomba usafiri wa kurudi kwao badala ya cheo. Gauni analivaa peke yake, mlango umefungwa, si kwa ajili ya mchumba. Huo ndio ukuaji unaousema wewe. Kwa Anjali sikuuona.

#26 Chaurembo
Sungura wamenigusa. Naomba muda nifikirie.

#27 Binti_wa_Muscat
Kwa kuongezea: kuna namna nyingine kabisa, ya kuvaa kiume kwa dhiki. Sinema ya Afghanistan inaitwa Osama, ya mwaka 2003. Chini ya Taliban mama hana ruhusa ya kufanya kazi, mwanamume nyumbani hakuna, wanamkata binti nywele ili atafute mkate. Yeye hataki hata kidogo. Anachukua msuko wake uliokatwa anaupanda kwenye chungu cha udongo, anautilia maji. Sinema hiyo niliitazama mara moja, siwezi kurudia. Kwa hiyo tusiseme kila msichana mwenye nywele fupi kwenye kioo ni huru.

#28 NesiMinnesota
Nimechelewa, zamu ya usiku. Nataka kutaja jambo la furaha kidogo. Black Panther, 2018, yule Okoye wa Danai Gurira, kichwa kipara chenye michoro. Wanapoingia kwenye ukumbi wa kamari Busan amevalishwa wigi ajifiche, analilalamikia njia nzima. Vita vinapoanza analivua na kumrushia adui usoni. Binti yangu ana alopesia, nywele zilianguka akiwa na miaka sita, wenzake shuleni walikuwa wanamwita mvulana. Ukumbini alinishika mkono akasema, "Mama, amelitupa!" Tulivyofika nyumbani lake akalivua, akalitundika kwenye kitasa cha mlango, na hadi leo liko pale.

#29 BintiMakorora
#28 sina la kusema. Mbusu kwa niaba yetu.

#30 Kipanga_Sinza
Jamani, nani ana Seeta aur Geeta? Nataka kuona hilo feni.

#31 Mzee_wa_Empire
Ninayo kwenye kanda, ile kubwa ya zamani. Tatizo deki yangu imekufa, inameza kanda haitoi. Niko Ilala.

#32 FundiKike_Moro
Mzee, Ijumaa nakuja Dar kununua vipuri. Deki usimpe mtu aifungue, nitakuja na bisibisi zangu. Mara nyingi ni mkanda wa mpira wa ndani umelegea.

#33 Chaurembo
Nipo Buguruni, ni jirani. Naomba nije na binti yangu, kama Mzee ataruhusu. Viatu ametoa uvunguni leo, nilimkuta anavifuta matope.

#34 Mzee_wa_Empire
Njooni wote. Mkeka upo.